Camaro ya 1967 hadi 1969: kuikagua, kuitengeneza na kuiendesha

Camaro, gari la Chevrolet la miaka ya sitini, hukaguliwa ukiwa umelala chali chini yake, si ukiwa umeinamia boneti. Injini ya V8 ya Chevrolet, iwe ya inchi za ujazo 327 au 350, ilitengenezwa kwa mamilioni. Vipuri vyake vinapatikana karibu kila duka la vipuri Marekani mpaka leo, na fundi wa kawaida anaifungua na kuifunga bila kufungua kitabu. Bati lililooza ni habari nyingine kabisa. Kukata sakafu, kuchomelea reli za nyuma na kurudisha umbo la fenda ni kazi ya miezi, na bili yake inaweza kupita bei uliyonunulia gari lenyewe. Kwa hiyo kama una fedha za kuchagua kati ya gari lenye injini iliyokufa na bodi nzima, na gari linalonguruma vizuri huku limejaa puti (lipu ya kuzibia bati lililooza), chukua lile la kwanza.

Mwongozo huu ni wa mtu anayeishi Marekani au Kanada, kwa sababu huko ndiko gari hili liliko na ndiko lilikozaliwa. Kenya, kwa mfano, ina kanuni ya miaka minane kwa magari yaliyotumika na inataka usukani wa kulia, kwa hiyo usianze na ndoto ya kulipakia kwenye kontena kwenda Mombasa. Wabishi watasema Camaro si gari la misuli (muscle car, gari la kawaida lenye injini kubwa) halisi kama Pontiac GTO ya 1964, ile iliyoweka injini ya inchi 389 ndani ya gari la ukubwa wa kati. Waache wabishane. Camaro ikiwa na 350 au 396 chini ya boneti ina tabia zote za jamii hiyo: nguvu nyingi mbele, tairi nyembamba nyuma, na breki zilizobuniwa kama vile hakuna atakayeikimbiza.

Kabla ya kutoa fedha

Beba tochi, sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa, bisibisi na ndoo ya maji. Sumaku isiposhika kwenye bati, chini yake kuna puti. Pitisha sumaku sehemu ya chini ya fenda za mbele, nyuma ya tairi. Kisha sehemu ya chini ya paneli za nyuma, mbele na nyuma ya tairi. Fungua buti, ondoa zulia, tazama sakafu na mfuko wa tairi la akiba.

Sehemu mbili hupitwa na wengi. Ya kwanza ni kipande cha bati kati ya kioo cha nyuma na mfuniko wa buti. Maji hukaa chini ya ukingo wa kioo, na gari likiwa na paa la vinili hukaa zaidi, kwa sababu vinili hushika unyevu kama sifongo. Ya pili ni chumba cha hewa kilicho chini ya wavu wa waipa. Hicho hujaa majani makavu, majani yanashika maji, na bati linaoza kutoka ndani mahali usipoweza kuona. Mwaga ndoo ya maji kwenye wavu huo, kisha ingia ndani na upapase zulia la miguuni pande zote mbili. Likilowa, jua kwamba ukarabati wake unadai kufungua sehemu yote ya mbele ya gari.

Sasa lala chini. Camaro haina chesisi kamili. Ina fremu fupi ya mbele iliyofungwa kwa bolti kwenye bodi, na nyuma kuna reli zilizochomelewa. Gonga reli kwa mpini wa bisibisi, hasa pale springi zinaposhikwa. Sauti iwe ya chuma, si ya kopo. Tazama pia mipira iliyo kati ya fremu ya mbele na bodi. Ikiwa imesagika, fremu hukaa upande, na ndiyo maana pengo kati ya mlango na fenda haliwi sawa juu na chini.

Namba ya gari ina herufi na tarakimu 13. Chukua mfano wa 124378N ikifuatiwa na tarakimu sita. 1 ni Chevrolet, 24 ni Camaro ya V8 (23 ni ya silinda sita), 37 ni ya paa gumu (67 ni ya paa la kukunja), 8 ni mwaka wa 1968, na N ni kiwanda cha Norwood, Ohio. L badala ya N ni kiwanda cha Los Angeles. Kwenye gari la 1967 kibati hiki kipo kwenye nguzo ya bawaba za mlango wa dereva. Kuanzia 1968 kinaonekana kupitia kioo cha mbele. Gari la 123 likiwa na V8 ndani lilitoka kiwandani na injini ya silinda sita. Si kosa, ila bei yake haiwezi kuwa ya V8 ya asili.

Hapa ndipo watu wanapotapeliwa: namba hiyo haisemi kama gari ni SS (Super Sport, toleo la Camaro lenye nguvu zaidi). Beji ya SS inauzwa dukani, na boneti yake pia. Muuzaji anayedai bei ya SS akuoneshe karatasi za zamani, stika ya dirisha au kile kibati cha dhamana kinachoitwa Protect-O-Plate. Kisha tazama namba zilizogongwa kwenye injini, pale mbele ya silinda hedi ya upande wa abiria. Herufi za mwisho hutaja aina ya injini. Kwa magari ya 1968 na 1969 tafuta pia sehemu ya namba ya gari lenyewe, pale pale au karibu na filta ya oili. Hesabu na bolti za mfuniko wa difu: SS nyingi zilipata difu ya bolti 12, na magari ya kawaida difu ya bolti 10.

Mwambie muuzaji mapema asiliwashe gari kabla hujafika. Ukigusa injini ukaikuta na joto, kuna kitu amekificha. Ikiwaka baridi ikatoa moshi wa bluu kisha ukaisha, sili za valvu zimekauka, kazi ndogo. Moshi wa bluu usiokoma ukikanyaga mafuta ni ringi za pistoni. Moshi mweupe wenye harufu tamu, usioisha hata injini ikipata joto, ni maji ya rejeta yanayoingia kwenye silinda. Ikishapata joto, presha ya oili iwe angalau paundi 10 kwa kila mizunguko 1000 kwa dakika.

Mwezi wa kwanza: lisimame kabla halijakimbia

Kila mnunuzi mpya anataka kabureta kubwa na eksozi ya kelele. Tumia fedha za kwanza kwenye breki na tairi.

Tairi kwanza, kwa kuwa ni rahisi. Ubavuni kuna herufi DOT na mwishoni tarakimu nne: 2314 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2014. Magari haya hutembea kidogo, kwa hiyo tairi huzeeka zikiwa bado na meno mazuri. Zikipita miaka 10, tupa hata kama zinang'aa. Wengi hawangoji zaidi ya miaka sita au saba. Gari lilitoka na tairi za zamani za nyuzi za mshazari. Ukiweka tairi za kisasa za radiali, mathalani 215/70R14 au 235/60R15, usimruhusu fundi wa alaimenti kutumia vipimo vya kitabu cha 1968, kwani viliandikwa kwa tairi zile nyingine na gari litatangatanga barabarani. Mwombe kasta (mwinamo wa mhimili wa usukani) chanya ya nyuzi 2 hadi 4, kemba (mwinamo wa tairi kwa juu) hasi kidogo kama robo hadi nusu nyuzi, na ncha za mbele za tairi ziingie ndani kwa inchi 1/16 hadi 1/8. Nati za rimu ni za uzi wa 7/16, na paundi-futi 70 zinatosha. Mashine ya hewa ya gereji hukata stadi hizi kirahisi, kwa hiyo malizia kwa mkono.

Breki za kawaida za Camaro ni dramu za inchi 9.5 magurudumu yote manne. Diski za mbele zilikuwa za kulipia. Dramu zikiwa nzima husimamisha gari vizuri mara moja. Ukikanyaga mara ya tatu mfululizo kwenye mteremko, joto linapanua dramu na pedali inateremka. Fanya hivi kwa mpangilio:

Badilisha mipira ya breki yote mitatu, miwili ya mbele na mmoja wa nyuma, hata kama kwa nje inaonekana mizima. Mpira wa zamani huvimba ndani, unapitisha mafuta kwenda lakini haurudishi, na gurudumu linabaki limeshikwa. Dereva hulaumu silinda ya gurudumu kumbe mkosaji ni mpira.

Vua dramu, funua mipira ya vumbi ya silinda za magurudumu. Ukiona unyevu, silinda inavuja; badilisha mbili za ekseli moja pamoja.

Weka mafuta mapya ya DOT 3, kisha toa hewa ukianzia gurudumu lililo mbali na masta silinda: nyuma kulia, nyuma kushoto, mbele kulia, mbele kushoto. Masta silinda ina vyumba viwili tangu 1967. Usiache hata kimoja kikauke katikati ya kazi. Rudia kila baada ya miaka miwili, maana mafuta haya hunyonya unyevu hewani na mabomba yanaoza kutoka ndani.

Rekebisha viatu mpaka dramu ikwaruze kidogo ukiizungusha kwa mkono. Vijirekebishi vya dramu hizi hufanya kazi unaporudi nyuma na kukanyaga breki, si unapokwenda mbele. Mtu asiyerudi nyuma na kufunga breki mara kwa mara atashangaa pedali inazidi kushuka mwezi hadi mwezi.

Ukiamua kuweka diski mbele, badilisha pamoja masta silinda na valvu ya kugawa presha. Masta ya dramu hubakiza presha ya paundi kama 10 kwenye bomba ili silinda zisivute hewa. Presha hiyo ikibaki kwenye diski, pedi haziachii na diski hugeuka rangi ya bluu kwa joto.

Beringi za mbele zipakwe grisi upya wakati dramu zimevuliwa. Kaza nati kwa paundi-futi 12 huku unazungusha gurudumu, ilegeze kabisa, kisha ikaze kwa vidole tu mpaka tundu la pini likubali. Beringi iliyokazwa kwa spana huungua.

Petroli na oili

Petroli yenye risasi ilipigwa marufuku kabisa kwa magari ya barabarani Marekani mwanzoni mwa 1996. Viti vya valvu vya injini hizi havikuimarishwa, na risasi ndiyo iliyovilinda. Kwa mtu anayetembea maili elfu moja au mbili kwa mwaka, tena kwa ustaarabu, haina haja ya kukimbilia kufungua hedi. Subiri siku hedi itakapofunguliwa kwa sababu nyingine, ndipo uweke viti vigumu vya valvu za eksozi.

Oktani ndiyo inayodai umakini. SS 350 ya 1967 ilikuwa na mgandamizo wa 10.25 kwa 1. Jaza petroli ya 91 hadi 93 ya pampu za Marekani, ambayo kwa kipimo cha RON kinachotumika Afrika Mashariki ni takriban 95 hadi 98. Ukisikia mlio kama kokoto kwenye kopo unapopanda mlima, injini inagonga. Ondoa mguu hapo hapo, kisha rudisha taimingi (wakati plagi inapowasha petroli) nyuma kwa nyuzi 2.

Petroli ya siku hizi ina ethanoli, na ethanoli hulainisha mipira ya zamani mpaka ikavuja juu ya injini yenye moto. Badilisha kila kipande cha mpira wa petroli, ukianzia juu ya tangi mpaka kwenye pampu, na utafute maandishi ya SAE 30R7 au, bora zaidi, 30R9. Hii ni kazi ya nusu siku, nayo huzuia moto.

Oili ni kwati 5 pamoja na filta, yaani lita 4.7. Kamshafti ya asili husuguana na tapeti bapa, chuma kwa chuma, na kinachozuia kusagana ni zinki na fosforasi zilizomo kwenye oili. Oili nyepesi za magari mapya zimepunguziwa viungo hivyo ili zisiharibu vifaa vya kusafisha moshi. Nunua oili iliyoandikwa kuwa ni ya injini za zamani, 10W-40 au 20W-50 kwa joto kali, na usiongeze chupa ya ziada ya zinki juu yake. Ikizidi nayo huleta ulikaji. Ukiweka kamshafti mpya, usiiache injini ingurume taratibu baada ya kuiwasha. Ipeleke mizunguko 2000 hadi 2500 mara moja na uishikilie hapo dakika 20. Tapeti hupata oili ya kurushwa na krankshafti, na kwenye mizunguko ya chini oili hiyo haifiki. Kamshafti nyingi mpya hufia katika dakika hizo za kwanza.

Gia boksi ya Muncie ya gia nne inataka oili ya GL-4. GL-5 haifai kwa ringi zake za shaba. Difu inataka GL-5 ya 80W-90, na kama ni ya Positraction (difu inayozuia gurudumu moja kuteleza peke yake), ongeza chupa ya kilainishi cha msuguano. Ukisahau, gari litatoa mikwaruzo na vishindo kila unapokata kona ya polepole, na fundi asiyejua atakuambia difu imekufa.

Kwa gia za otomatiki kuna ugonjwa mmoja wa kuchekesha: oili ya gia inapungua, chini hakuna tone, na eksozi inatoa moshi mweupe. Kwenye gia boksi kuna kikopo kilichounganishwa na injini kwa mpira wa vakyumu. Utando wake ukichanika, injini inanyonya oili ya gia na kuichoma. Chomoa mpira huo. Ukiona mafuta mekundu ndani, badilisha kikopo. Kipuri ni cha bei ndogo.

Moto wa plagi

Hapa injini hizi huharibiwa na mikono ya watu kuliko na umri. Mpangilio wa kuwaka ni 1-8-4-3-6-5-7-2. Silinda namba 1 ni ya mbele kabisa upande wa dereva, na upande huo una 1, 3, 5, 7. Upande wa abiria una 2, 4, 6, 8. Rota huzunguka kufuata mshale wa saa. Waya za 5 na 7 zinapita jirani na silinda hizo huwaka moja baada ya nyingine, kwa hiyo zikilazwa pamoja, umeme wa moja huamsha nyingine kabla ya wakati. Zitenganishe. Injini inayomisi kidogo bila sababu baada ya kuwekewa waya mpya mara nyingi inadai hilo tu.

Nafasi ya plagi ni inchi 0.035. Pointi (swichi ndogo ndani ya distributa) mpya zianze na inchi 0.019, zilizotumika 0.016, na paka chembe ya grisi kwenye kamu ya distributa. Bila grisi kiguu cha pointi huisha na nafasi hufunga yenyewe. Kisha washa injini, inua kidirisha kidogo cha chuma kwenye kifuniko cha distributa, na uingize ufunguo wa pembe sita wa inchi 1/8. Kama una mita, zungusha mpaka pembe ya kufunga pointi isome nyuzi 30, kati ya 28 na 32. Kama huna, zungusha kufuata saa mpaka injini ianze kumisi, kisha rudi nusu mzunguko. Kiwanda chenyewe kilifundisha hivyo, na hukaribia sana.

Pointi hutangulia, taimingi hufuata. Ukibadilisha pembe ya pointi umeshasogeza taimingi, kwa hiyo anayefanya kinyume atafanya kazi mara mbili.

Chomoa mpira wa vakyumu kwenye distributa na uuzibe. Unganisha taa ya taimingi kwenye waya wa silinda 1. Legeza bolti ya distributa kwa spana ya 9/16, lakini isiwe huru. Kuzungusha distributa kinyume cha saa huongeza taimingi. Vitabu vya kiwandani vilitaja namba za chini, na injini nyingi za 350 hupenda nyuzi 8 hadi 12 zikiwa kwenye mizunguko ya chini. Kipimo chenye uzito ni kile cha juu: kwenye mizunguko kama 3000, jumla iwe nyuzi 34 hadi 36. Kibao cha mbele ya injini hakifiki huko, kwa hiyo unahitaji taa yenye kurekebishwa au utepe wa vipimo wa kubandika kwenye puli. Na kabla ya kuiamini alama, hakikisha pete ya nje ya puli haijateleza kwenye raba yake. Puli za miaka hamsini huteleza, na mtu anaweka taimingi ya uongo kwa uangalifu mkubwa.

Kosa la umeme linalorudiwa kila siku: waya unaokwenda kwenye koili una ukinzani ndani yake ili pointi zisipate volti 12 kamili. Ukiubadilisha kwa waya wa kawaida, pointi zinaungua ndani ya maili chache. Ukiweka distributa ya kielektroniki aina ya HEI huku ukiacha waya wa zamani, itanyongwa na kumisi kwenye mizunguko ya juu. Kila mfumo na waya wake.

Gari likichemsha

Swali la kwanza ni linachemsha wapi. Likichemsha kwenye foleni na kupoa ukipata mwendo, hewa haitoshi: kava la feni limetolewa na kutupwa na mmiliki wa zamani, au klachi ya feni imechoka. Likichemsha kwenye barabara kuu lakini likatulia mjini, maji hayapiti: rejeta imeziba, au mpira wa chini unanywea kwa mvuto wa pampu kwa sababu springi iliyokuwa ndani yake imeoza. Taimingi iliyochelewa nayo hupasha injini joto, na wengi hubadilisha rejeta nzima kabla ya kuikagua.

Weka thermostati ya nyuzi 180 za Fahrenheit, kifuniko cha rejeta cha paundi 15, na mchanganyiko wa nusu maji safi nusu kipoozi cha kijani cha aina ya zamani. Funga geji halisi ya joto, kwa maana taa ya onyo ya dashibodi huwaka wakati maji yameshachemka.

Kuiwasha na kuiendesha

Injini baridi: kanyaga pedali ya mafuta hadi chini mara moja, achia, piga staata. Mkanyago huo ndio unaofunga choki. Usikanyage kanyaga. Gari likikaa wiki tatu, petroli ya kwenye kabureta huwa imekauka. Piga staata sekunde 10, pumzisha, rudia, mpaka pampu ijaze bakuli. Injini moto: shikilia pedali robo, piga staata. Ikinywa petroli kupita kiasi na kunuka, kanyaga mpaka chini na ubaki hapo huku ukipiga staata. Kuachia na kukanyaga tena kunaongeza petroli.

Usingoje dakika kumi ikiwa imesimama. Nusu dakika inatosha kwa oili kupanda. Ondoka taratibu, usipite mizunguko 2500 mpaka geji ya joto ipande.

Mwendo wa barabara kuu unategemea uwiano wa gia za difu. Kwa tairi la kimo cha inchi 26, maili 65 kwa saa kwenye difu ya 3.08 ni mizunguko kama 2600, kwenye 3.73 ni zaidi ya 3100 muda wote, na hakuna gia ya ziada ya kushusha kelele. Anayetaka safari ndefu na anayetaka kuruka kwenye taa hawanunui difu moja.

Uzito umekaa mbele, ekseli ya nyuma ni ngumu, na hakuna kompyuta itakayokusamehe. Kwenye mvua, gia ya pili na mguu mwepesi. Nguvu nyingi katikati ya kona hutoa mkia nje. Ukiachia pedali ghafla, uzito unarudi mbele na mkia unatoka zaidi. Punguza taratibu, geuza usukani upande ambao mkia unaelekea. Breki zikifunga magurudumu, usukani haufanyi kazi mpaka uachie kidogo. Gari la 1967 lina springi ya bamba moja tu nyuma, kwa hiyo ukiondoka kwa nguvu ekseli hurukaruka. Kuanzia 1968 kiwanda kiliweka shokapu moja mbele ya ekseli na nyingine nyuma yake kuzuia hilo, na magari yenye nguvu yakapata springi za bamba nyingi.

Acha sekunde nne au tano mbele yako. Madereva wa leo wanaona pengo na kujipenyeza; acha tena. Gari lililotengenezwa kabla ya Januari 1968 linaweza kuwa na mkanda wa kiunoni tu, kwa hiyo ongeza mkanda wa begani kabla hujampakia mtoto wa mtu.

Bima na baridi

Bima iwe ya thamani iliyokubaliwa, yaani kiasi kimeandikwa kwenye mkataba na ndicho utakacholipwa gari likiteketea. Bima ya kawaida itakuhesabia gari la zaidi ya miaka 50 kama chuma chakavu. Kampuni za magari ya zamani huuliza kama una gereji ya kufunga na gari jingine la kila siku. Majimbo hutofautiana kuhusu namba za kihistoria na ukaguzi wa moshi. California, kwa mfano, imesamehe magari ya petroli ya 1975 na yaliyotangulia.

Kwa walio Minnesota, Michigan, Ontario na kwingineko wanakomwaga chumvi barabarani: gari lilale kuanzia chumvi ya kwanza mpaka mvua za machipuko zitakapoiosha. Badilisha oili kabla ya kulilaza, si baada, kwa sababu oili chafu ina asidi inayokaa kwenye beringi miezi yote. Jaza tangi pomoni, ongeza dawa ya kuhifadhi petroli, tembeza dakika 15 ili ifike kwenye kabureta. Ongeza upepo wa tairi kwa paundi 8 au 10. Chaja ndogo ya kudumu kwenye betri. Achia hendibreki, weka kabari, maana viatu hushikana na dramu. Nyuzi za chuma kwenye mdomo wa eksozi na wa kabureta huzuia panya. Funga kitambaa chekundu kwenye usukani ili ukumbuke kuzitoa. Na usiliwashe dakika tano kila wiki eti liamke: injini haipati joto la kukausha unyevu, na maji yanabaki ndani ya eksozi na oili.

Likitoka, kabla ya ufunguo, kagua mafuta ya breki, kanyaga pedali na uishikilie nusu dakika. Ikizama taratibu chini ya mguu, masta silinda imeisha, na gari lisitoke gerejini siku hiyo.